Chumvi juu ya chumvi: Presha haipigi hodi

HEBU siku moja fanya uchunguzi mdogo. Nenda kwenye kibanda chochote cha chipsi hapa Dar es Salaam, majira ya saa mbili usiku, uangalie watu wanavyokula. Muuzaji akishaipua anazinyunyizia chumvi kwa mkono. Mteja akipewa sahani, hata hajaonja, tayari ameshalikamata lile kopo lenye matundu kwenye kifuniko na anatingisha. Inafuata tomato sosi, nayo ina chumvi. Kachumbari ilishatiwa ya kwake tangu jioni. Ukimwuliza, "Kaka, mbona chumvi yote hiyo?" atakujibu kwamba chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena cha kusawazisha, sio cha kujaza mlima. Na hapo imehesabiwa chumvi yote, ikiwemo iliyomo kwenye mkate wa asubuhi na kwenye mchuzi wa mchana. Jamaa yetu wa chipsi huenda kamaliza kijiko chake kabla hajafika nyumbani kula ugali.

Kuna vitu pia ambavyo wapishi wengi hawavihesabu kabisa. Kinachosumbua kwenye chumvi ni madini yanayoitwa sodiamu, na sodiamu haikai kwenye chumvi peke yake. Magadi tunayotia kwenye mlenda ili uvutike, au kwenye maharage ili yaive upesi, ni sodiamu hiyo hiyo. Vile vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi, halafu mtu anavivunja viwili na kuongeza chumvi ya kawaida juu yake. Ng'onda ndio usiseme. Jumapili ukienda Coco Beach unakuta mihogo ya kukaanga inamwagiwa chumvi na pilipili, na pembeni kuna embe mbichi zenye mapambo hayo hayo.

Sasa chumvi inafanyaje kazi mwilini? Sodiamu hushika maji. Ikizidi, maji yanabaki kwenye damu, damu inaongezeka wingi, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa ikisukumwa hivyo miaka nenda rudi inakuwa migumu, figo zinachoka, moyo unavimba, na siku nyingine mshipa wa kwenye ubongo unapasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi.

Ubaya wake ni kwamba presha haiumi. Mtu anatembea nayo miaka kumi, anacheza mpira, anaenda harusini, anajiona mzima. Mwaka 2021 WHO ilieleza kuwa asilimia 46 ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Akianguka asubuhi moja, mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki, utasikia majirani wanasema katupiwa jini, au kakanyaga kitu. Anapelekwa kwa mganga kwanza, na saa zile za mwanzo ambazo daktari angeweza kufanya kitu zinapotea hivyo hivyo.

Wapo wanaosema presha ni ya ukoo. Kurithi kupo, lakini sio kila kitu. Jirani zetu Kenya ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia Wajaluo 325 waliohama vijijini, magharibi ya Kenya, kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao 267 waliobaki. Kabila moja, ukoo ule ule. Lakini wale wa mjini presha yao ilikuwa juu zaidi, na mabadiliko hayakusubiri uzee, yalianza kuonekana mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu ilikuwa imepanda ukilinganisha na potasiamu.

Potasiamu ndiyo inayosaidia figo kutoa sodiamu nje, na iko kwenye ndizi, maharage, viazi vitamu, mchicha, hata madafu. Yaani vyakula ambavyo kijana akishapata kazi mjini anavidharau, anasema vya shamba. (Mwenye ugonjwa wa figo asikimbilie potasiamu bila kumwuliza daktari wake.)

Huko China nako, katika vijiji 600, watu waliowahi kupata kiharusi pamoja na wazee wenye presha walijaribishiwa chumvi iliyochanganywa na potasiamu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14 ukilinganisha na waliotumia chumvi ya kawaida. Wengi wao walikuwa watu wazima kweli kweli, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukishazeeka umechelewa.

Najua kuna dada atauliza: je, madini joto? Kweli, chumvi yetu inatiwa madini hayo kuzuia rovu, na ni vizuri kununua hiyo hiyo. Lakini hicho kijiko kimoja kinatosha, huhitaji kuimwaga kama unapanda mbegu.

Kwa kuanzia, toa kopo la chumvi mezani, libaki jikoni. Kamulia ndimu, tia tangawizi, kitunguu swaumu, pilipili. Wiki ya kwanza utanuna. Baada ya wiki chache ulimi unazoea, na chakula cha mwenzio ndicho kitakachokushinda kwa chumvi. Kwa muuzaji wa chipsi sema mapema, "Zangu usitie," kabla hajanyoosha mkono.

Halafu kapime. Inachukua dakika chache. Ukikuta 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo siku nyingine, usiondoke pale bila kumwona daktari. Na wewe mzee uliyepewa vidonge ukaviacha kwa sababu unajisikia nafuu, huenda hiyo nafuu inatokana na vidonge.

Wiki ijayo tutaangalia sukari kwenye chai, hasa nyie wa vijiko vitano.