Mto Hausafiki Kabla Majitaka Hayajahamishwa



Siku hizi miji mingi inatangaza mipango ya kusafisha mito yake. Tunaonyeshwa picha nzuri: maji maangavu, miti kandokando, watu wamekaa wakipunga upepo. Kitu kimoja hakionekani katika picha hizo, nacho ni bomba kubwa la majitaka.

Mto wa mjini hupita bondeni, na majitaka nayo hushuka bondeni kama maji mengine. Kwa hiyo mafundi wa zamani walilaza mabomba yao kando ya mto au chini yake. Mahali pengine mto wenyewe uligeuzwa kuwa mtaro wa uchafu. Anayetaka kuupanua au kuusafisha mto huo atalikuta bomba njiani, na lazima alihamishe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na mafundi na vibarua, na ikifanywa ovyo inaua. Ndiyo sababu tunaieleza hapa.

MFANO WA SEOUL

Katikati ya mji wa Seoul, Korea ya Kusini, unapita mto mdogo uitwao Cheonggyecheon. Kwa mamia ya miaka mto huo ulibeba uchafu wa mji. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, wakimbizi na maskini walijenga vibanda kwenye kingo zake, na maji yakazidi kuharibika. Kuanzia mwaka 1958 wakubwa wa mji wakaanza kuufunika kwa zege. Juu ya zege ikapita barabara, na juu ya barabara hiyo ikajengwa nyingine ya nguzo. Uchafu haukuondoka. Uliendelea kutiririka gizani chini ya magari.

Mwezi Julai 2003 kazi ya kubomoa ilianza, na Oktoba 2005 mto ukafunguliwa, urefu wa kilomita 5.8. Wageni wengi huusifu. Lakini tuangalie ulivyofanywa. Majitaka yaliyokuwa yakiingia mtoni yalikingwa kwa mifereji mipya iliyojengwa pande zote mbili, ikafunikwa, nayo huyapeleka kwenye mtambo wa kuyasafisha mashariki ya mji. Majitaka yalipoondolewa, maji ya asili yaliyobaki hayakutosha. Kwa hiyo maji yanayoonekana leo huletwa kwa pampu, mengi yakitoka katika mto mkubwa wa Han, kiasi cha tani 120,000 kwa siku.

Hata mifereji hiyo ina kikomo. Mvua kubwa ikinyesha, milango ya kando hufunguka, na maji ya mvua yaliyochanganyika na majitaka huingia mtoni. Watu huondolewa kwenye njia za chini mpaka maji yapungue. Usafi wa mto ule basi unategemea kazi isiyoonekana na macho.

BOMBA LINAVYOHAMISHWA

Maji ya kunywa husukumwa kwa nguvu ndani ya bomba. Majitaka kwa kawaida hutembea yenyewe kwa mteremko. Mteremko ukiwa mdogo mno, uchafu hutua na bomba huziba. Kwa sababu hiyo huwezi kulisogeza bomba mita kumi pembeni bila kupima upya mteremko wote, toka juu hadi chini. Ikiwa njia mpya itapita chini ya mto, mtaro wake utakuwa na kina kirefu zaidi. Na mtaro wenye kina kirefu usiposhikiliwa kwa mbao au vyuma, kuta zake humwangukia aliye ndani.

Jambo la pili, majitaka hayana likizo. Mji hauwezi kuambiwa usiende chooni kwa miezi sita. Kwa hiyo bomba jipya hujengwa lote likiwa kavu, pamoja na chemba zake, kisha hujaribiwa kama halivuji. Halafu hufika siku ya kuunganisha. Majitaka huzuiwa kwa muda na kuzungushwa kwa pampu, mara nyingi usiku wakati watu wamelala na majitaka ni machache. Mwisho, bomba la zamani huzibwa na kujazwa mchanga au zege, lisije likabomoka na barabara ikatitia.

HATARI ILIYOMO

Siku ya kuunganisha, mara nyingi mtu hushuka ndani ya chemba ya zamani. Humo mna gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Kwanza hunuka kama yai viza. Ikizidi, inaua uwezo wa pua wa kunusa, na mfanyakazi hudhani hewa imekuwa safi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, hapo hapo anaposimama mtu. Mna pia methani, ambayo hulipuka kwa cheche ya sigara.

Katika nchi nyingi imekuwa hivi: mmoja anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa naye anaanguka, wa tatu vile vile. Kwa hiyo kanuni ni hizi. Hewa ipimwe kwa kifaa kabla ya mtu kushuka, na iendelee kupimwa. Feni ipulize hewa safi mpaka chini. Anayeshuka avae mkanda uliofungwa kamba, na juu awepo mwenzake asiyeondoka hata dakika moja. Asishuke mtu kuokoa bila kifaa cha kupumulia. Kitambaa puani hakizuii gesi.

SHERIA KABATINI

Kando ya mto ule ule wa Seoul lipo Soko la Amani, lililojaa karakana za kushona nguo. Katika miaka ya 1960 wasichana wadogo walishona humo saa kumi na nne au zaidi kwa siku, katika vyumba vyenye dari ya chini ambamo mtu hawezi kusimama wima, katikati ya vumbi la vitambaa. Sheria ya kazi ilikuwapo tangu 1953, lakini ilikaa kabatini. Fundi cherehani kijana, Jeon Tae-il, aliisoma, akawahoji wafanyakazi wenzake, akapeleka malalamiko serikalini. Hakusikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 22, alijichoma moto pale sokoni akidai sheria ifuatwe. Mwezi ule ule wafanyakazi wa soko wakaunda chama chao, mama yake akiwa nao mbele. Tangu 2005 sanamu yake iko kwenye daraja juu ya mto huo.

Hatutaki kifo kingine ndipo sheria isomwe. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi. Nchi zote wanachama zinatakiwa kuziheshimu.

Kwa hiyo, ndugu, mradi wa mto ukifika mjini kwenu, tuulize: bomba la majitaka linahamishiwa wapi, na fedha zake zimetengwa? Kontrakta anacho kifaa cha kupima gesi, au anazo kamba tu? Kibarua wa siku moja ana bima sawa na fundi? Na wachuuzi je? Kule Seoul wachuuzi wa barabarani walihamishiwa uwanja wa michezo, kisha mwaka 2008 wakahamishwa tena.

Maswali haya yaulizwe kwa maandishi, kupitia tawi, kabla ya jembe la kwanza. Na kama hewa haijapimwa, usishuke. Mwite mwakilishi wa chama, nanyi wengine msimame naye.