Magari ya zamani Kasenyi: adui ni chumvi, si umri

KASENYI, Kasese – Land Cruiser au Land Rover inayobeba chumvi na samaki kutoka Kasenyi kwenda mpaka wa Mpondwe haifi kwa sababu ya uzee. Mara nyingi inakufa kwa sababu ya maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye magunia, yanaingia ndani ya chesisi na kukaa humo wiki nzima bila mtu kuyaona.

Kasenyi ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Karibu yake kuna ziwa dogo la chumvi, Bunyampaka, ambako wakazi huchimba chumvi kama wanavyofanya wenzao wa Katwe. Mzigo ukitoka hapo hupita barabara ya vumbi hadi barabara kuu ya Kasese–Mbarara, unafika Kikorongo, kisha unakata kwenda Bwera na Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo.

Safari hiyo si ndefu, lakini gari likikatika njiani hasara ni kubwa. Samaki hawasubiri fundi. Na usiku ukiingia gari likiwa bado ndani ya hifadhi, dereva na utingo wake wanalala katikati ya simba na tembo.

Kwa nini gari la zamani

Wasafirishaji wengi bado wanapenda Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliotoka mwaka 1984, na Land Rover Defender, ambayo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kuitengeneza Januari 2016. Sababu ni rahisi. Injini zake za zamani hazina kompyuta, na fundi mwenye spana nzuri anaweza kulifungua gari chini ya mwembe na kulifunga tena.

Kuna sababu nyingine inayogusa mfuko. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe. Yaliyokuwa tayari nchini hayakuguswa. Maana yake kiuchumi ni kwamba Land Cruiser ya miaka ya 1990 iliyoko Bwera leo haina mbadala wa aina yake kutoka nje. Ikioza, mwenye nayo atanunua nyingine iliyotumika hapa hapa nchini, akishindana na wanunuzi wengine, au atanunua gari jipya zaidi lenye vifaa vya umeme ambavyo si kila fundi wa kijijini anaviweza.

Chesisi kwanza

Chumvi kavu haina madhara makubwa. Chumvi yenye unyevu ndiyo hatari, kwa sababu huvuta maji kutoka hewani na kuharakisha kutu. Chesisi za magari haya ni kama bomba la pembe nne. Maji ya chumvi huingia kwa matundu ya juu na kuanza kula chuma kutoka ndani, huku rangi ya nje bado inapendeza.

Kinga ya kwanza ni ya bei ndogo kabisa: turubai zima lisilo na tundu, litandikwe chini ya magunia na kingo zake zikunjwe juu kama sahani. Kinga ya pili ni maji safi. Siku ile ile mzigo unaposhushwa, gari lioshwe chini, na mpira wa maji uingizwe kwenye matundu ya chesisi hadi maji yatoke safi upande wa pili. Kazi hiyo ifanyike mbali na ziwa. Ziwa George limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa tangu 1988, na oili ikiingia majini anayeumia kwanza ni mvuvi yule yule anayelipa nauli ya mzigo.

Kukagua hakuhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chesisi kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo huingia ndani. Angalia zaidi juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikilia. Kwa Land Rover ongeza boriti ya nyuma kabisa. Bodi yake ni ya alumini, nayo haioti kutu nyekundu, lakini huliwa pale inapogusana na chuma.

Madereva wengi hupaka oili chafu ya injini chini ya gari. Inasaidia kuzuia kutu, hilo ni kweli, lakini huvimbisha bushi za mpira na mipira ya breki. Oili safi nzito au grisi ni bora, na isipakwe kamwe juu ya chumvi ambayo haijaoshwa. Kufanya hivyo ni kufunika kidonda na uchafu wake.

Kitu kimoja hakina mjadala: mabomba ya chuma ya breki. Bomba lililoota kutu halipigwi welding wala halifungwi kwa raba. Linabadilishwa.

Kazi za nyumbani

Mwenye gari anaweza kufanya mengi mwenyewe, mradi asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aweke stendi au gogo nene.

Inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea, au pini za kugeuzia gurudumu zimekwisha. Tazama pia ile tufe ya chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Ikiwa imelowa mafuta, sili ya ekseli imekufa, oili ya difu inachanganyika na grisi na kuwa uji. Ukiacha, joint ya ndani itavunjika siku ya matope, na hapo hutakuwa na gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele.

Difu nazo zina mrija mdogo wa kupumulia. Ukiziba, difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia sili. Kasese inajua mafuriko: Mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020. Baada ya kuvuka maji mengi, legeza kizibo cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, imwagwe.

Dizeli ya kwenye vidumu mara nyingi huwa na maji. Fungua mara kwa mara kile kikoba chini ya filta na uyamwage. Filta ya hewa nayo ikaguliwe kila wiki kwa vumbi la Kasenyi.

Taiming belti inahitaji neno la pekee. Injini ya 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, ina mkanda wa mpira ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni. Land Rover za 200Tdi na 300Tdi zina mkanda pia. Injini za zamani zaidi za Toyota, 2H na 3B, zinatumia gia, kwa hiyo hazina shida hiyo. Kwa kuwa kihesabu kilometa cha magari mengi kilikufa zamani, tarehe ya kubadilisha mkanda iandikwe kwa rangi kwenye injini yenyewe.

Pampu ya dizeli isifunguliwe nyumbani. Hiyo inahitaji mashine ya kupimia, na pesa inayookolewa leo italiwa na mafuta kesho. Na kabla ya kuomba moto wa betri kwa jirani, soma betri zako: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zinatumia volti 24.

Kutu na karatasi

Hasara ambayo wengi hawaifikirii iko mpakani. Namba ya chesisi ya Land Cruiser imegongwa kwenye chuma cha kulia mbele, karibu na gurudumu, na Land Rover nyingi ni upande huo huo. Hapo ndipo maji ya barabarani hurukia. Gari linapovuka Mpondwe kwa kibali cha muda, namba hiyo ndiyo inayolinganishwa na kadi ya gari, na ikiwa kutu imeila, gari huonekana kama la wizi hata kama mwenyewe amekuwa nalo miaka 20.

Namba isafishwe kwa brashi laini, si kwa gurudumu la kusagia, kisha ipakwe grisi. Fundi akikata sehemu hiyo ya chesisi, au injini ikibadilishwa, mabadiliko yaandikishwe kwenye mamlaka ya usajili kabla ya safari, kwa sababu afisa wa forodha hawezi kuyaandikisha pale kwenye geti.