Pasaka ya Watu Wenye Msiba: Kinanda Kisiwaache Nyuma

Mazoezi ya Pasaka yakianza, sisi walimu wa kujitolea tunaofundisha kinanda tunaulizwa swali moja kila mara: tuchague nyimbo gani, na tutoke vipi kwenye huu tuingie ule? Mfano wetu tumeutoa Kasubi, Kampala, ambako baadhi yenu mna ndugu wanaosali na wenyeji. Kasubi yenyewe ni mlima wa makaburi. Wafalme wanne wa Buganda wamelala pale, wa kwanza Mutesa I aliyefariki 1884, na nyumba yao kubwa iliungua Machi 2010 ikajengwa tena. Kuhubiri kaburi tupu mahali kama hapo siyo jambo dogo.

Tuseme ukweli. Kwaya zetu zinapenda kuanza Jumapili ya Pasaka na biti kali, sauti juu, watu waruke. Lakini katika kanisa la wakimbizi wako waliokimbia bila kuzika watu wao. Mama wa hivyo ukimrukisha saa tatu asubuhi, anapiga makofi tu, moyo uko kwingine. Hata Mariamu, Yohana 20, asubuhi ile ile ya ufufuo alikuwa bado analia nje ya kaburi. Basi kinanda kianze pale alipo yeye.

Sisi tunachagua nyimbo tatu, hazizidi. Ya kwanza ni ule wa Isaac Watts wa 1707, wa kuutazama msalaba. Beti mbili zinatosha, polepole, bila biti. Ya pili ni Tukutendereza. Wimbo huu wa Kiganda ulisambazwa na uamsho wa miaka ya 1930, Rwanda na Uganda, ukafika Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo. Ndiyo sababu tunaupenda Kasubi: Muganda mwenye nyumba na mpangaji wake wa kutoka Bukavu wanauimba bila kitabu. Ya tatu ni À toi la gloire, ambao Wakongo wengi waliujua shuleni. Maneno yake yaliandikwa na mchungaji Mswisi, Edmond Budry, mwaka 1884, juu ya muziki wa Handel.

Sasa kuunganisha, na hapa ndipo vijana wanaharibu. Wanamaliza wimbo, wanaacha kinanda kimya, wanatafuta biti, wanabonyeza kitufe cha kupandisha sauti, paa! Watu wanashtuka kama mlango umepigwa.

Fanya hivi. Wimbo wa Watts piga katika C. Mkimaliza usiondoe mkono. Endelea na C chini chini, bila maneno, mtu asome Yohana 20. Usimharakishe msomaji, anayelia apewe nafasi yake. Akikaribia mwisho, ongeza B-flat juu ya C. Sikio lenyewe litaomba F, na Tukutendereza inaingia katika F. Yaani do ya wimbo wa kwanza imegeuka so ya wimbo wa pili. Kiitikio cha kwanza waimbe taratibu, cha pili ngoma iingie.

Kutoka pale kwenda À toi la gloire tunatumia D. Mwisho wa Tukutendereza toa vidole vyote, ubaki na A peke yake. A ni mi ndani ya F, lakini ndani ya D ni so, na wimbo huu unaanza na so. Kwa hiyo waimbaji wameshapewa nota yao kabla ya kufungua mdomo. Sasa biti iwe kubwa mnavyotaka!

Msichague sauti ya juu kwa sababu tu soprano wenu wanaiweza. Wazee wakishindwa wanakaa kimya, na Pasaka siyo ya kwaya peke yake.

Neno la lugha: Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, Kiganda, kila mtu aimbe kwa yake kwenye kiitikio. Muziki ukiwa mmoja hakuna fujo.

Pasaka huangukia majira ya mvua, na mvua kwenye mabati inameza kinanda kidogo. Mtu wa ngoma akae karibu na mpiga kinanda, amwangalie mkono. Betri ziwekwe tangu Jumamosi. Umeme ukikatika, mwimbishaji aendelee na ile ile A, asisubiri.