Likizo ya Rwanda: mpaka mmoja, karatasi tofauti

Kutoka Mbarara hadi Mirama Hills, mahali Uganda inapokutana na Rwanda, ni kama kilomita mia moja tu. Unapita Ntungamo, kisha unakata kushoto kwenye kipande cha lami cha kilomita 37. Basi likiondoka asubuhi, mchana abiria anaweza kuwa anakula ndizi na maharage Kigali. Kwa familia nyingi za Ankole, hii ndiyo likizo ya nje ya nchi iliyo karibu zaidi na mfuko.

Lakini wilaya ya Isingiro ina wakazi wa aina mbili. Wako raia wa Uganda, na wako wakimbizi wa Nakivale na Oruchinga, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na, hasa Nakivale, Wasomali pia. Mwalimu raia na mwalimu mkimbizi wanaweza kufundisha shule moja na kufunga siku moja. Wakitaka kwenda kuona milima ya Rwanda, mipango yao haitafanana.

Tuanze na raia. Tangu mwaka 2014, wananchi wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Hakuna viza wala pasipoti ya lazima. Tatizo huwa watoto. Kadi ya kitambulisho ya Uganda hupewa mwenye miaka 16 na kuendelea, hivyo mzazi anayesafiri na wadogo awatafutie hati yao ya kusafiria mapema. Kuna familia zinazogundua jambo hili zikiwa tayari kwenye foleni ya mpakani.

La pili ni tarehe. Rwanda, kama Ankole, ina mvua nyingi Machi hadi Mei, na nyingine Septemba hadi Desemba. Likizo ya Mei huangukia kwenye matope. Ya mwisho wa Agosti na ile ya Januari ni nafuu. Tarehe 7 Aprili huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na si wakati wa kutafuta muziki na sherehe. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa na barabara huwa tupu.

Mpakani kuna mambo madogo yanayomshtua mgeni. Saa ya Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Magari huendeshwa upande wa kulia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na mzigo uliofungwa kwa kaveera unaweza kufunguliwa hapohapo. Upande wa pili panaitwa Kagitumba. Ni hapo ambapo tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, wengi wao watoto wa wakimbizi waliokulia Uganda, waliingia Rwanda kwa silaha. Leo ni kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Kigali yenyewe si mji wa kale. Ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na ikawa mji mkuu wakati wa uhuru, 1962. Mahali pa kwanza pa kufika ni Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ni vizuri kutenga nusu siku, na kuongea na watoto kabla ya kuingia.

Historia ndefu zaidi iko kusini. Nyanza, kama kilomita 90 kutoka Kigali, ilikuwa makao ya mwami tangu 1899, enzi za Yuhi Musinga. Jumba la mwanawe, Mutara Rudahigwa, lililojengwa miaka ya 1930, sasa ni makumbusho, na kando yake imejengwa upya nyumba ya msonge ya kifalme. Nyuma yake hufugwa inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu. Mtu wa Mbarara hatahitaji mwongozaji kumweleza: ni ndugu wa ng'ombe wa Ankole. Mbele kidogo ni Huye, uliowahi kuitwa Astrida kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji, kisha Butare. Huo ndio mji wa chuo kikuu cha kwanza cha nchi, cha 1963, na wa makumbusho makubwa ya mila yaliyofunguliwa 1989.

Milima iko kaskazini, Musanze. Karisimbi ina urefu wa mita 4,507, na Muhabura, inayoonekana pia kutoka Kisoro, ni mali ya nchi mbili. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani humgharimu mgeni wa kimataifa dola 1,500. Raia wa Afrika Mashariki aulize bei yake kabla ya kukata tamaa. Kuitazama milima yenyewe kutoka barabarani hakuna malipo.

Sasa turudi kwa mwalimu wa Oruchinga. Kadi yake ya ukimbizi haimvushi mpaka. Anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotajwa kwenye kifungu cha 28 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Nchini Uganda huombwa kupitia idara ya wakimbizi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na hutolewa na uhamiaji. Hilo si jambo la wiki moja. Akishaipata, aulize uhamiaji wa Rwanda kama atahitaji viza, kabla ya kulipa nauli.

Kwa Mkongo au Mrundi, hapo mlango unaweza kufunguka. Kwa Mnyarwanda mkimbizi, swali ni zito zaidi. Mtu anayejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Safari ya siku nne kwenda kumsalimu shangazi inaweza kuhojiwa baadaye. Mwenye nia hiyo azungumze kwanza na maofisa wa ulinzi kwenye makazi, si na kondakta wa basi.

Ajabu ni kwamba Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mipango ya Jumuiya kuhusu watu kutembea huru humtazama raia mwenye kitambulisho cha nchi yake. Aliyekimbia bila kitambulisho hubaki nje, hata akiwa Mwana Afrika Mashariki kwa kuzaliwa. Raia nao wamekwisha kuonja hali hiyo: Gatuna ilipofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, watu wa Kabale na Ntungamo walikosa hata kuzika ndugu zao ng'ambo.

Kwa wasio na hati, likizo ya karibu ipo. Hifadhi ya Ziwa Mburo haiko mbali na Mbarara, na kituo cha utamaduni cha Igongo kiko kwenye barabara ya Masaka. Kutoka Kisoro milima ileile ya Virunga inaonekana, bila kuvuka chochote.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Anayetaka kwenda Januari aanze kuulizia karatasi Septemba, na anayesubiri hati ya mkimbizi aanze leo.