Kabla binti hajapanda ndege

Juma lililopita nilikuwa Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, kando ya reli ya kati. Mama mmoja wa huko alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, na tulipokwisha kunawa akatoa karatasi tatu kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ulikuwa mkataba wa binti yake, anayetarajia kwenda Omani kufanya kazi za ndani. Umeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Mama hajui hata lugha moja kati ya hizo, na wakala aliyeuleta amewaambia waweke sahihi tu.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu aliyeandikwa hapa kuwa mdhamini, ndiye atakayemlinda?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nizungumze nanyi leo. Kwetu sisi mdhamini ni mtu anayekusimamia polisi au benki; ukiharibu wewe, anaumia yeye. Katika nchi za Ghuba kuna utaratibu uitwao kafala, ambao humfanya mwajiri awe mdhamini wa mgeni. Yeye ndiye anayemwombea kibali cha kuingia na cha kuishi, na kibali hicho hufungamana na jina lake. Mgeni akiacha kazi bila ridhaa yake, hapotezi mshahara tu, hupoteza na haki ya kuwapo nchini. Mwajiri akitoa taarifa kwamba mtumishi ametoroka, basi yule aliyekimbia kipigo ndiye anayetafutwa.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Omani na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri. Wengine walieleza habari za mishahara iliyokatwa, na kazi za tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Sisemi kwamba kila nyumba ya Muscat ni jela. Wapo waliorudi na fedha wakajenga. Lakini mwajiri mwema na mwajiri katili wanapewa kamba ile ile, na binti hajui ataangukia kwa nani.

Mtaniambia kwamba sheria zimebadilika. Ni kweli. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kuhamia kwa mwingine, hata kwa watumishi wa ndani. Omani nayo, tangu Januari 2021, iliruhusu mgeni kuhama mkataba unapokwisha bila barua ya mwajiri wa zamani. Ila mageuzi ya Saudi Arabia ya mwaka huo huo wa 2021 yaliwaacha nje watumishi wa ndani. Na kwa mtumishi wa ndani, sheria ni jambo moja na mlango wa nyumba ni jambo jingine. Kiwandani mkaguzi wa kazi huingia. Jikoni kwa mtu ni nani atakayebisha hodi?

Nilimjibu mama kwamba huyo mdhamini ndiye bosi mwenyewe. Nikamwambia binti asiondoke kwa viza ya matembezi, maana hiyo si ruhusa ya kazi. Aulize kwenye ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, kama huyo mleta karatasi anatambulika, na kama mkataba umepitia ubalozi wetu wa Muscat. Usomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno: mshahara kiasi gani, siku ya mapumziko ipi, nauli ya kurudi juu ya nani. Nakala ya pasipoti na jina kamili la mwajiri vibaki Zuzu, na namba ya ubalozi binti aikariri kichwani, kwa kuwa simu nayo huweza kuchukuliwa.

Mama alizikunja zile karatasi, akazirudisha mfukoni bila sahihi. Wakala alisema atapita kuzichukua Jumamosi.