Majani ya Mbuni Yanapogeuka Manjano



Hapa Mbozi, mkoani Songwe, mbuni ndio karo ya mtoto, tena ndio bati la nyumba. Kwa hiyo majani yake yanapogeuka manjano moyo hushtuka, na mkono hukimbilia dawa au jembe. Nasi tulikuwa hivyo. Mibuni minne iliyo karibu na jiko letu ilianza kupauka, tukaazimu kuing'oa. Lakini mama wa nyumba alituzuia, akasema, "Baba, itazame vizuri kwanza."

Tukaitazama, tukaona ya kuwa majani machanga ndiyo yaliyopauka, na mishipa yake ingali kijani. Kumbe kosa lilikuwa letu: kila asubuhi tulimwaga hapo majivu ya mekoni. Mbuni hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Majivu yakizidi huondoa uchachu huo, na mizizi haiwezi tena kunyonya chuma kilichomo udongoni. Tukaacha kumwaga majivu, tukaweka samadi iliyooza na matandazo. Majani yaliyochipuka baadaye, mvua zilipokolea, yalikuwa kijani.

Basi, liulizeni jani kabla ya kuuliza dukani. Yakipauka majani makuukuu ya chini, mti una njaa ya naitrojeni; palilieni magugu na kuulisha samadi. Mti uliozaa kupita nguvu zake nao hupauka. Ukipauka wote, na ardhi imejaa maji, mizizi inakosa hewa, chimbeni mfereji. Lakini mkiligeuza jani na kuona chini yake unga wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu ya majani, ukungu ule ule ulioingia mashamba ya kahawa ya Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, mwaka 1869, ukayaharibu. Hapo samadi haitoshi. Pogoeni ili upepo upite, na kunyunyiza dawa ya shaba mapema, mvua zinapoanza, wala si majani yakiisha kuanguka. Naye apandaye upya na aulize kituo cha TaCRI kilichopo Mbimba, maana taasisi hiyo ya utafiti wa kahawa imetoa miche inayostahimili kutu.

Mibuni ile minne ingali hai. Kama tungalishika jembe siku ile, tungaliing'oa karo ya mtoto kwa ajili ya majivu tuliyoyamwaga wenyewe.