Kutoka Misl hadi Serikali: Kuinuka kwa Ukoo wa Sukerchakia

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma historia ya Punjab, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, hukutana na maneno ambayo sikio lake linayafahamu. Jumuiya ya Wasikhi waliojitoa kwa dini na vita iliitwa Khalsa. Chimbuko la jina hilo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu safi kisichochanganywa, na ndilo lililotupa 'halisi'. Vikosi vyao viliitwa misl, jina ambalo aghalabu huhusishwa na neno la Kiarabu la kuonyesha usawa na mfanano, lililozaa 'mithili' katika lugha yetu. Dola iliyochipuka kutokana na vikosi hivyo ilijiita Sarkar-i-Khalsa, na katika sarkar hiyo ya Kiajemi ndimo ilimotoka 'serikali'. Makala haya yanaeleza jinsi misl moja, ile ya Sukerchakia, ilivyogeuka dola, na yanauliza usawa uliokuwamo katika jina la misl uliishia wapi.

Chimbuko la misl

Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa Wasikhi, aliiunda Khalsa mjini Anandpur mwaka 1699. Baada ya kifo chake mwaka 1708, wafuasi wake waliwindwa na maliwali wa dola ya Mughal. Wengi walikimbilia misituni na milimani, wakaishi juu ya migongo ya farasi katika vikundi vidogo vidogo. Ahmad Shah Durrani, mfalme wa Waafghani, alipoanza kuivamia Punjab, vikundi hivyo viliona haja ya kushikamana. Mwaka 1748 viliungana mjini Amritsar kuwa jeshi moja, Dal Khalsa, chini ya uongozi wa Jassa Singh Ahluwalia. Jeshi hilo liligawanywa katika misl kumi na moja.

Kila misl ilikuwa na mkuu wake, lakini mkuu huyo hakuwa mfalme. Mpiganaji alikuja na farasi wake, akapata fungu lake la nyara, na asiporidhika alikuwa huru kuhamia misl nyingine au kuanzisha yake. Mambo makubwa yaliamuliwa katika baraza la wote, Sarbat Khalsa, ambalo kwa desturi lilikutana Amritsar mara mbili kwa mwaka. Vijiji vilivyotaka ulinzi vililipa sehemu ya mapato yao, kwa kawaida moja ya tano, na misl ikawajibika kuvikinga dhidi ya wavamizi.

Nguvu ya mfumo huu ilidhihirika katika msiba. Mwezi Februari 1762, Ahmad Shah aliwaua maelfu ya Wasikhi, wakiwamo wanawake na watoto, katika mauaji wanayoyakumbuka hadi leo kwa jina la Wadda Ghallughara. Hata hivyo, mwaka 1764 Wasikhi waliuteka mji wa Sirhind, na mwaka uliofuata wakaingia Lahore. Mwili wenye vichwa kumi na kimoja haufi kwa kukatwa kimoja.

Ukoo wa Sukerchakia

Miongoni mwa misl hizo, Sukerchakia haikuwa kubwa kuliko zote. Misl ya Bhangi, iliyopata jina lake kutokana na mazoea ya kutumia bangi (neno ambalo nalo halihitaji kufasiriwa), iliipita kwa ardhi na kwa watu. Ukoo wa Sukerchakia ulitoka katika kijiji cha Sukarchak, karibu na Gujranwala. Aliyeusimamisha kama misl ni Charat Singh, aliyejitenga na misl ya Faizullapuria, akaoa binti wa Amir Singh wa Gujranwala, na akajenga ngome mjini humo. Mwaka 1761 liwali wa Lahore aliizingira ngome hiyo akashindwa, na tangu hapo jina la Charat Singh likavuma.

Charat Singh alikufa vitani pale bunduki yake mwenyewe ilipompasukia. Mwanawe, Maha Singh, alikuwa mtoto bado, hivyo mjane Desan ndiye aliyeshika hatamu. Maha Singh alipokua, aliipanua milki, na mwaka 1785 alishirikiana na Jassa Singh Ramgarhia kuishinda misl ya Kanhaiya. Kufikia wakati huu tishio la Waafghani lilikuwa limepungua, na wenye misl walikuwa wamegeukiana wao kwa wao. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse kumi na mmoja.

Katika vita hivyo aliuawa Gurbakhsh Singh, mrithi wa Kanhaiya. Mjane wake, Sada Kaur, badala ya kulipiza kisasi, alimposesha binti yake, Mehtab Kaur, kwa mwana wa Maha Singh. Mwana huyo ni Ranjit Singh, aliyezaliwa mwaka 1780, na ambaye ndui ilikuwa imempofusha jicho la kushoto. Maha Singh alipofariki, Ranjit alikuwa hajabaleghe. Sada Kaur akawa mshauri wake, na majeshi ya Kanhaiya yakawa nguzo yake. Mwezi Julai 1799, wawili hao waliiteka Lahore kutoka kwa wakuu watatu waliokuwa wakiitawala, baada ya wakazi wenyewe kuwaalika.

Serikali ya Khalsa

Mwaka 1801 Ranjit Singh alitawazwa Maharaja. Sarafu zake hazikuwa na jina lake bali la Guru Nanak, na utawala ulitajwa kuwa wa Khalsa nzima. Haki ni kwamba alitenda mengi. Aliitwaa Multan mwaka 1818, Kashmir mwaka 1819 na Peshawar mwaka 1834. Mambo ya nje yalikuwa mikononi mwa Mwislamu, Fakir Azizuddin, na fedha mikononi mwa Mhindu, Dina Nath. Maafisa wa Kizungu, kama Allard na Ventura, walilifundisha jeshi lake mbinu za Ulaya.

Lakini nyuma ya jina la wote alisimama mmoja. Misl moja baada ya nyingine ilimezwa kwa vita, kwa ndoa au kwa hila. Baada ya mwaka 1805, Sarbat Khalsa haikuitishwa tena enzi zake. Hata Sada Kaur alinyang'anywa milki yake mwaka 1821 akawekwa kizuizini, na humo akafia mwaka 1832. Asante ya punda ni mateke.

Ranjit Singh alifariki mwezi Juni 1839. Mwanawe Kharak Singh alifariki mwaka 1840, na mjukuu wake Nau Nihal Singh akaangukiwa na lango siku ya mazishi hayo hayo. Sher Singh aliuawa mwaka 1843, na kiti kikabaki kwa Duleep Singh, mtoto wa miaka mitano. Waingereza walipigana na dola hiyo mara mbili, na tarehe 29 Machi 1849 wakaitwaa Punjab.

Hitimisho

Si kweli kwamba misl zingedumu milele. Ugomvi wao ndio uliomfungulia njia Ranjit Singh, na utawala wake uliwapa raia amani waliyoikosa kwa karne nzima. Hata hivyo, ulinganisho hauepukiki. Mwaka 1762 Khalsa ilipoteza maelfu ya watu, na ndani ya miaka mitatu ikaishika Lahore. Mwaka 1839 ilipoteza mtu mmoja, na ndani ya miaka kumi ikapoteza nchi. Kilichobadilika ni mahali uamuzi ulipofanyiwa: ulihama kutoka barazani ukaingia katika nyumba ya ukoo, na nyumba ilipoporomoka hapakuwa tena na baraza la kukimbilia.

Majina ya misl hayakupotea yote. Jina la Ramgarhia lilivuka bahari pamoja na mafundi wa Kisikhi, na bado linasomeka kwenye majengo yao jijini Nairobi. Nasi tutamkapo 'mithili' na 'serikali', tukumbuke kwamba kuna watu waliowahi kuyaishi maneno hayo mawili, wakatoka katika la kwanza wakaingia katika la pili, wasiweze kurudi.